Neno "GET" la Kiingereza: acha kukariri orodha ya maana, tazama neno linalolifuata

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu.

Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza kwenye neno "get". Utakutana na kupata, kupokea, kununua, kuleta, kufika, kuelewa, kuugua, kuwa, kushawishi, kukamata, na bado hujafika nusu. Anayejifunza akiiona orodha hiyo hukata tamaa, au hukariri maana tatu nne na zilizobaki akawa anabahatisha. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma Kiingereza darasani miaka mingi, akaandika insha safi kabisa, kisha akawasikiliza wenye lugha wakipiga soga na asiambulie kitu. "Get" na "got" zimejaa kila mahali, na kila zinapotokea zinaonekana kusema jambo jingine.

Naleta uzi huu kwa sababu naamini orodha ndiyo inayotuangusha. "Get" lina wazo moja tu: ulikuwa huna jambo, au hauko mahali, au hauko katika hali fulani, sasa umeingia. Umeingia kwenye nini? Hilo "get" halikwambii. Linakwambia neno linalofuata. Likifuata jina la kitu, umekipata hicho kitu. Ikifuata sifa, umeingia katika hali hiyo. Pakifuata mahali, umefika. Basi jicho lisigande kwenye "get", liende mbele.

Upande wa vitu ndio mwepesi kwetu, maana tuna "pata". "I got a letter", nilipata barua. "She got the job", alipata kazi. "He got the flu", alipata mafua. Kama vile sisi tunavyopata mtoto, hasara, ajali na homa kwa kitenzi kilekile, wao pia hawabagui kati ya jema na baya. Zingatia tu kwamba "get" halisemi kitu kimepatikana kwa njia gani. "Where did you get that bag?" inaweza kuwa umeununua wapi, umepewa na nani, au umeuokota wapi, anayeuliza ameacha mlango wazi, na wewe ndiye wa kujibu "I bought it" au "It was a gift". Na likifuatwa na mtu kisha kitu, "get" hufanya kazi ya kauli yetu ya kutendea: "Get me some water" ni niletee maji. Hakuna haja ya kuongeza "for" hapo. "For" huja ukigeuza mpangilio tu: "Get some water for me."

Kuelewa nako kumo humuhumu. "I get it", nimeelewa. "I didn't get the joke", utani ule sikuupata. Sisi tunaulizana "umenipata?" na kujibu "nimekupata", kwa hiyo hili halihitaji maelezo marefu.

Sasa sifa. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye uzito na ndipo vitabu vingi vya kufundishia vinapopita haraka.

Kiswahili kinapotaka kusema mtu ameingia katika hali fulani, mara nyingi kina kitenzi kizima cha kazi hiyo: kuchoka, kukasirika, kulewa, kulowa, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kuchafuka, kupotea. Mabadiliko na hali vimo ndani ya neno moja. Kiingereza hugawa: hali hubebwa na sifa, yaani "tired", "angry", "drunk", "wet", "old", "fat", "thin", "dirty", "lost", na mabadiliko hubebwa na "get". Kwa kuwa kwetu mabadiliko hayana neno lake la pekee, tunapozungumza Kiingereza tunalisahau "get" na kuweka "be" kila mahali. Sentensi inatoka sahihi kisarufi, ila inasema jambo tofauti na tulilokusudia.

Chukua kukasirika na uliweke katika njeo zake:

Nimekasirika: "I am angry."
Nilikuwa nimekasirika: "I was angry."
Nilikasirika: "I got angry."
Naanza kukasirika: "I'm getting angry."
Atakasirika: "He will get angry."
Huwa anakasirika: "He gets angry."

Mnaona kinachotokea? Kiambishi "-me-" kwenye vitenzi vya namna hii hakisimulii tendo, kinaeleza hali uliyomo sasa. Amelewa, amelala, amechoka, amesimama: yumo humo. Hiyo ndiyo "be" ya Kiingereza. Ukiondoka kwenye "-me-" ukaenda "-li-" au "-ta-", unasimulia kuingia kwenye hali, na hapo "get" ndilo linalotakiwa. Mtu anayezungumza Kiswahili tangu utotoni tayari anaijua tofauti hii bila kufundishwa na yeyote. Hajaambiwa tu kwamba ndiyo hiyohiyo.

Tofauti yenyewe si ndogo. "When he said that, I was angry" inaweza kueleweka kwamba hasira zilikuwapo hata kabla hajasema. "When he said that, I got angry" inaweka wazi kwamba maneno yake ndiyo yaliyoziwasha. Hali kadhalika ndoa. "Ameolewa" ni "She is married". "Aliolewa mwaka jana" ni "She got married last year". Ukisema "She was married last year", msikilizaji anaweza kuchukulia kwamba mwaka jana alikuwa na mume na leo pengine hana. Kiingereza hapa hakitofautishi kuoa na kuolewa, na anayefunga naye ndoa hutajwa kwa "to", si "with": "He got married to a doctor."

Mipaka ipo. "Get" halikubali jina la cheo au kazi kwa maana ya kuwa. "He got a doctor" ni amepata daktari wa kumtibu. Aliyesomea na kufuzu: "He became a doctor." Pia kuna hali zinazopenda "go", hasa za kuharibika au kupoteza kitu: "go blind", "go deaf", "go bald", "go mad", na chakula kikioza, "go bad". Rangi hupenda "turn" au "go": "His face turned red." Hizi hazina njia ya mkato, zinazoeleka kwa kusoma na kusikiliza.

Mahali tupite haraka. "We got home late", tulifika nyumbani tumechelewa. "Home", "here" na "there" hazitaki "to": "get home", "get here", "get there". Mahali pengine panaitaka: "get to the airport", "get to school". Ukitumia "arrive" badala yake, kihusishi kinabadilika kuwa "at" au "in". "Arrive to" haipo. Na "get to work" ina maana mbili, kufika kazini na kuanza kazi. Maneno yanayoizunguka ndiyo yatakayokuonyesha ipi.

Upande wa vitendo, yaani "get paid", "get it fixed" na "get him to come", nitauleta chini. Mwenye swali alete.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hiyo ya "-me-" na "-li-" sijawahi kuiona popote, asante sana. Swali: "I have got a question" ni njeo gani? Kwa umbo naona "nimepata swali", lakini wao wanamaanisha "nina swali". Halafu "gotten" ni Kiingereza au ni makosa? Wengine wanalicheka.

Mleta mada

Ndugu, jibu lako limo ndani ya swali lako. Aliyekwisha kupata kitu, anacho. "Have got" ilianza kama "nimepata", matumizi yakaigandisha ikawa "ninacho", na leo katika Kiingereza cha Uingereza ni njia ya kawaida kabisa ya kusema mtu ana kitu. Ni wakati uliopo, usiisome kama uliopita. Kwa wakati uliopita rudi kwenye "had": "I had a question". Katika kuuliza, shika njia moja: "Have you got a pen?" au "Do you have a pen?" Kuzichanganya, "Do you have got", hapana.

"Gotten" ni Kiingereza halali na ni cha zamani kuliko watu wanavyodhani. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa Uingereza mwaka 1611, Mwanzo 4:1, Hawa baada ya kumzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD". Neno lilivuka bahari na wahamiaji hadi Amerika likabaki hai huko, na Uingereza kwenyewe likafifia hadi likawa limesalia pembezoni: katika "ill-gotten gains", yaani mali iliyopatikana kwa njia chafu, na ndani ya "forgotten", ambayo Waingereza bado wanaisema kila siku.

Wamarekani nao hawalitumii ovyo. Wanatofautisha: "I've got a car", nina gari, "I've gotten a car", nimepata gari. "It has gotten cold", baridi imeingia. Mwingereza kwa sentensi hiyo ya mwisho husema "It has got cold". Zote mbili ni sahihi, ila katika andiko moja chagua mkondo mmoja ukae nao.

Nimalizie jamaa wawili wa karibu hapo. "I've got to go" ni lazima niende. Kwa kinywa cha haraka huwa "gotta", na ukiona mtu ameandika hivyo ujue ni maongezi, si barua rasmi. "Get to" na kitenzi, bila "have", ni kupata nafasi: "I got to meet her." Kiswahili sanifu kina kitu kilekile na ninakipenda sana: nilipata kukutana naye. Kwa hiyo "We have got to see the manager" ni lazima tumwone meneja, ila "We got to see the manager" kwa kawaida ni tulifanikiwa kumwona. Katika maongezi ya Kimarekani "have" humezwa mara nyingi na hizi mbili zikasikika sawa, ndipo muktadha unapoamua.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kwa heshima zote, nawakataza wanafunzi wangu kutumia "get" kwenye insha. Ni neno la kivivu. Kuna "receive", "obtain", "become", "arrive", "understand". Kwa nini mtoto aandike "get" kwa vyote hivyo? Uzi huu utawarudisha nyuma.

Mleta mada

Mwalimu, heshima kwako. Kwenye maandishi rasmi tuko pamoja. Anayeandika barua ya maombi ya kazi aandike "I received your letter" na "I obtained my certificate". Ripoti, insha ya mtihani, taarifa ya ofisi, huko "get" lina sauti ya mazungumzo na maneno uliyoyataja yanakaa vizuri zaidi. Hilo ni suala la mavazi ya lugha na kila lugha inayo.

Nisipokubaliana nawe ni kwenye "kivivu". Neno hili liliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia, waliovamia Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, monasteri ya kisiwa cha Lindisfarne ikiwa imeshambuliwa mwaka 793, na baadaye wakalowea hasa kaskazini na mashariki, wakaoana na wenyeji. Kwao lilikuwa "geta". Lilikuja katika kundi moja na "take", "they", "skin", "window" na "law", maneno ambayo Kiingereza kisingeweza kutembea bila hayo. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake wa damu, lakini alikaa ndani ya maneno marefu tu: "begietan", kupata, "ongietan", kutambua na kuelewa, "forgietan", kusahau, yaani kupoteza kile ulichokuwa umekishika. Hiyo "g" ya Kiingereza cha kale ilitamkwa kama "y" yetu. Kwamba leo tunatamka "get" kwa "g" ngumu ni alama ya kinywa cha wageni wale. Na tazama "ongietan": kuelewa kama namna ya kupata si mzaha wa vijana wa leo, ni wazo lenye zaidi ya miaka elfu.

La pili, mwalimu. Kuna mahali ambapo ukiliondoa "get" unabaki na sentensi ambayo mwenye lugha kwa kawaida asingeitamka. "I obtained a cold". "We became lost". "She became dressed". "Become well soon". Kwa mgonjwa huandikwa "Get well soon", hata kwenye kadi ya heshima kabisa. Mtoto akikatazwa neno hili bila kuambiwa ni wapi anakatazwa, atalihamisha katazo hilo hadi kwenye maongezi, na huko ndiko "get" linakoishi. Ni miongoni mwa vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza chote. Ningependa tuwakataze kwenye insha na tuwafundishe kwa bidii kwenye mazungumzo, yote mawili kwa wakati mmoja.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwenye kutenganisha insha na mazungumzo nakuelewa. Naendelea kufuatilia.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kidogo kutoka upande wa kompyuta. Kivinjari chako kinapoomba ukurasa kwenye seva, agizo kinalotuma linaitwa GET. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, na wenzake walipoanza na HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, mwaka 1991, toleo lile la kwanza lilikuwa na agizo hilo moja tu. Ili kuusoma uzi huu, kila mmoja wetu ametuma GET bila kujua. Maana yake ni ileile ya "get me some water": niletee.

Mleta mada

Mkuu, mfano mzuri huo, umekaa mahali pake. Sasa vitendo.

"Get" likifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, yaani "paid", "fired", "hit", "stolen", linakuwa kauli ya kutendwa. "I got paid", nililipwa. "He got fired", alifukuzwa kazi. "Be" nayo inaweza: "He was fired." Tofauti ni mwelekeo wa macho. "Get" linamulika tukio lenyewe, na mara nyingi ni tukio linalomgusa mhusika, limemuumiza au limemnufaisha: kugongwa, kukamatwa, kuibiwa, kupandishwa cheo, kualikwa. Ndiyo maana halishikani na vitenzi ambavyo havina tukio ndani yake. "The answer was known to everyone" ni sawa. "The answer got known to everyone" inakwaruza sikio.

Na hapa kuna jambo la sarufi ambalo wengi huliruka. "Be" ni kitenzi kisaidizi, "get" ni kitenzi kikuu. Kwa hiyo swali na kanusho vinamhitaji "do": "Did you get paid?", "I didn't get paid." Huwezi kusema "Got you paid?" jinsi unavyosema "Were you paid?"

Pili, "get" kisha kitu kisha umbo la tatu: "I got my phone fixed." Simu imetengenezwa, lakini aliyeitengeneza si mimi, ni fundi. Kiswahili husema "nimetengeneza simu yangu" na kila mtu anaelewa ulimpelekea fundi. Kiingereza kikisikia "I fixed my phone" kinakuona umeshika bisibisi mwenyewe. Vivyo hivyo "I got my hair cut", nimenyolewa. Muundo huohuo unabeba na mkosi: "He got his phone stolen", aliibiwa simu. Angalieni jinsi Kiswahili kinavyofanana hapo: aliyeibiwa ni yeye, na simu inabaki imening'inia nyuma ya kitenzi.

Tatu, mtu. "I got him to apologise." Nilimfanya aombe radhi, kwa kumsemesha, kumbembeleza au kumpigia hesabu hadi akakubali. Ina jasho ndani yake. "I made him apologise", nilimlazimisha. "I had him wait", nilimwagiza asubiri, na nina mamlaka ya kumwagiza. Ni "get" peke yake hapo linalodai "to". "I got him apologise" ni kosa, na "I made him to apologise" nalo ni kosa. Kiswahili kinaweza kusema "nilimwombesha radhi", ila "-sha" yetu haikwambii kama alishawishiwa au alishurutishwa. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Na kama kilichokwama ni mashine au hali, umbo huwa la "-ing" au la "to": "I got the engine running", "I can't get this door to open." Mlango nao unabembelezwa kama mtu.

Mchangiaji wa nne

Swali dogo. Kwa nini ni "get on the bus" lakini "get in the car"? Yote si kupanda tu?

Mleta mada

Angalia kama ndani yake unaweza kusimama na kutembea. Basi, treni, meli, ndege: "get on", na kushuka ni "get off". Gari dogo na teksi, unainama na kujiingiza: "get in", na kutoka ni "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi unakaa juu yake, basi ni "get on" na "get off". Ukimwambia mtu "get off the car" atadhani unamwona amekaa juu ya paa.

Mchangiaji wa tano

Sasa hii ndiyo inayonitesa: "get over", "get by", "get through", "get away with", "get along". Ziko nyingi mno. Wazo lako la "tazama kinachofuata" linasaidia na hapa?

Mleta mada

Linasaidia, na kwangu hapa ndipo linapong'ara. Hivyo vineno vidogo vilianza vikiwa mahali na mielekeo. Usivitafsiri, vione.

"Over" ni juu hadi ng'ambo. "Get over the wall" ni kuuvuka ukuta. Ugonjwa, msiba, kuachwa na mpenzi, vyote ni kuta: "It took her a long time to get over it." Yuko ng'ambo sasa. "Through" ni kupenya katikati: kitabu kigumu, mwaka mbaya, foleni ya simu hadi mtu apokee, vyote unavi-"get through". "Across" ni toka upande huu hadi ule, na kitu kinachovushwa mara nyingi ni ujumbe: "I couldn't get my point across", sikuweza kuwafikishia ninachosema. "By" ni kupita ubavuni pakiwa finyu: "We get by", tunajikimu, hatuna cha ziada lakini tunapita. "Away with" ni kuondoka nacho bila kushikwa: "He lied and got away with it." "Along" ni kufuata njia pamoja: "They get along", wanapatana. "Back to" ni kurudi: "I'll get back to you", nitakurudia na jibu. Ninayoipenda kuliko zote ni "What are you getting at?" Maneno yako yanaelekea wapi, unataka kufika wapi nayo?

Zipo zinazokataa kutii. "Get even" ni kulipiza kisasi, na "even" hapo ni sifa, mko sawa sasa. "Get rid of" ni kuondoa, na "rid" yenyewe karibu haisikiki peke yake siku hizi. Hiyo ishike nzima. Na kuwa makini na amri: "I got lost" ni nilipotea, lakini "Get lost!" ni kumfukuza mtu kwa ukali. "Get out of here!" ni kali vilevile, ila kati ya marafiki inaweza kuwa mshangao tu, "acha bwana!" Sauti na sura ya msemaji ndizo zinazotofautisha, kwa hiyo kwenye maandishi usimtumie mtu usiyemzoea.

Mchangiaji wa kwanza

La mwisho kutoka kwangu: "used to", "be used to", "get used to". Nisaidie kuzitenganisha.

Mleta mada

Mbili za mwisho ni kitenzi chetu "kuzoea", na ile kanuni ya njeo inafanya kazi bila kubadilishwa. Nimezoea: "I am used to it." Nilizoea: "I got used to it." Naanza kuzoea: "I'm getting used to it." Utazoea: "You'll get used to it."

"Used to" bila "be" wala "get" ni jambo jingine kabisa, ni zamani nilikuwa nikifanya na sasa sifanyi: "I used to wake up early."

Ya kwanza kukagua ni kinachokuja baada ya "to". Kwenye "used to" ya zamani kinakuja kitenzi kitupu, "wake". Kwenye "be used to" na "get used to" linakuja jina la kitu au kitenzi chenye "-ing": "I'm used to the noise", "I got used to waking up early." Ukiandika "I got used to wake up early" umeunganisha vichwa viwili visivyo na mwili mmoja, ongeza "-ing" na sentensi itasimama.

Mwalimu, kama bado upo, nitafurahi ukituletea sentensi ambazo wanafunzi wako hukosea mara kwa mara tuzipitie moja moja hapa.